Rekodi Yako Bado Inawaka

Dukani kwa Baba,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka Tai,

Shikamoo. Leo nimeweka nadhiri ya kukueleza kila kitu, hata yale yanayoniaibisha, kwa hiyo usikasirike kabla hujafika mwisho. Kwanza hali yako. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Na yule mwenzako wa kiwandani bado anakoroma? Sisi hatujambo. Goti linamuuma Mama akipanda ngazi za hospitali, lakini anasema mashuka ya wagonjwa hayajifui yenyewe.

Nakuandikia nikiwa juu ya stuli yako, ubavuni mwa mashine ya mchezo wa kuvunja matofali. Kibao cha kurudishia mpira bado kinakwama kidogo ukikipeleka kushoto. Wenzangu darasani wana mchezo huu kwenye simu, tena wa kisasa: tofali likivunjika linadondosha zawadi, mpira mmoja unakuwa mitatu, na kuna matofali ya chuma yasiyovunjika kabisa. Rafiki yangu wa dawati moja alipoiona yetu aliuliza kama ni babu yetu aliyeitengeneza. Nikamwambia babu hata redio alikuwa anawashiwa.

Juu ya kioo bado pameandikwa TAI 8640. Usilolijua ni kwamba mashine haijazimwa tangu siku ile ulipoweka rekodi na kesho yake ukasafiri. Ni miaka mitatu sasa. Ni mashine ya zamani, ikizimika haikumbuki kitu. Kwa hiyo Baba ameifungia betri mbili za gari. Umeme ukikatika, betri ya kwanza inashika yenyewe, lakini haifiki saa moja, na lazima mtu aunganishe ya pili kabla ya kuchomoa ya kwanza. Ukitanguliza kuchomoa, rekodi imekwenda. Mikono ya Baba siku hizi inatetemeka. Kutengeneza redio za watu bado anamudu, ila nyaya zile ni fupi na zimebanana. Basi mwenye kazi hiyo ni mimi.

Kutoka shuleni naja moja kwa moja hapa, na umeme ukikatika nikiwa darasani au nimelala, naitwa. Jumamosi nipo hapa. Darasa lilipokwenda kutembelea bwawa la umeme, mimi nilikuwa hapa nikilinda umeme wa mashine moja. Mama anasema Baba anafuga, ila mfugo wake hautoi maziwa. Baba hacheki. Anajibu neno lile lile: “Akirudi ataikuta kama alivyoiacha.”

Wakati mwingine mpira unanasa. Unagonga pembe, unashuka kwenye kibao, unapanda njia ile ile, wala huhitaji kusogeza mkono. Juzi ulifanya hivyo nikamaliza zoezi zima la hisabati. Haukuanguka na haukuvunja kitu. Nilipata hamu ya kulia, sijui kwa nini.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu wa hisabati aliniombea nafasi katika shule ya bweni ya sayansi, na nimechaguliwa. Natakiwa kuripoti tarehe 30, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama alishona begi siku ile ile. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri, akauliza, “Sasa ukienda, nani atashika betri?” Hakuwa mkali, Kaka. Angekuwa mkali ningejua la kujibu.

Nikawaza hivi: mashine inaweka jina moja tu juu. Nikiipita rekodi yako, jina lako litaondoka lenyewe, na hapatakuwa na kitu cha kulinda. Nikaanza kucheza kwa bidii.

Alhamisi nilifika 8610. Lilibaki tofali moja, la juu kabisa, lenye pointi hamsini. Kinyozi wa mlango wa pili aliacha mteja amenyolewa upande mmoja akaja kutazama. “Leo Tai anashuka mtini,” akasema. “Na anashushwa na sisimizi.” Yule mteja naye akaja, taulo shingoni, akitaka kujua nani anakufa.

Baba aliweka chini chuma chake cha kulehemia, akaja kusimama nyuma yangu. Nilimwona kwenye kioo, uso wake umekaa pale pale palipo na jina lako. Alikuwa ameshika ukingo wa mashine kama mtu anayeshika kitanda cha mgonjwa.

Mpira ukashuka. Nikaondoa mkono.

“Aa, mtoto wewe,” kinyozi akasema, akarudi kumalizia kichwa cha watu. Baba akauliza, “Mkono umeteleza?” Nikasema ndiyo. Akanipapasa bega, akarudi kwenye redio yake, na nikamsikia akipiga mluzi. Haukuteleza, Kaka. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sitaki kumnyang’anya Baba, na sitaki kukufuta bila kukuomba. Lakini nafasi ile nayo naitaka, naitaka sana. Mimi nikimwambia aiache mashine izimike, ataona nakimbia kazi. Ukimwandikia wewe atasikia, maana jina ni lako.

Mama anakusalimu, anasema uvae sweta. Kinyozi naye anakusalimu, anasema nywele zako anazidai. Baba hajui kama ninaandika, lakini kila bahasha ikija yeye ndiye anayeifungua, na huwa ananawa mikono kwanza. Mungu akulinde na mashine za huko, akurudishe ukiwa na vidole vyote kumi.

Nijibu kwa posta ya kwanza, tarehe 30 haiko mbali. Kaka, wewe mwenyewe bado unaitaka rekodi hii?

Mdogo wako, mwenye kukupenda na kukuwashia,
Sisimizi