Maji Yamo

Jumamosi, 24 Juni 1939

Daktari alikuja asubuhi. Alizungumza na Reinhold barazani akidhani sisikii. Moyo umechoka, alisema, pengine utafika mavuno, pengine usifike. Sawa. Hilo haliniogopeshi.

Linaloniogopesha lilisemwa mezani baadaye. Reinhold mwanangu alisema, mdomo umejaa supu, kwamba kamati imekubali. Jimbo letu la Dakota Kaskazini linatimiza nusu karne, na sherehe ya tarafa itafanyika hapa shambani kwetu, tarehe nne Julai. Magari ya farasi yatapita uani, kama tulivyokuja sisi enzi zile. Bendi. Watoto wa shule. Na kibao cha shaba: Hapa Jakob Heupel alichimba kisima cha kwanza.

Kijiko kilinitoka mkononi. Mkwe wangu Magdalena alidhani ni furaha.

Kisima wanachokijua ni cha pili. Cha kwanza kiko uani, chini ya nyasi, kitupu. Jakob mume wangu amekwisha kufa. Tumebaki wawili tunaojua kwamba kipo — mimi na Gottfried Schaible, aliyekichimba naye.

Jumatatu, 26 Juni

Nimeshinda dirishani. Ua mzima ni tambarare. Nyumba yetu ya kwanza, ile ya matofali ya udongo, ilibomoka zamani na Reinhold akaisawazisha kwa plau. Kila kitu tulikipima kutoka mlango wa nyumba ile. Sasa mlango haupo. Kisima kilikuwa upande wa machweo, hilo najua. Mbali kiasi gani? Sikumbuki. Mungu wangu, sikumbuki!

Tulikifunika vizuri mno. Mbao juu ya mdomo, kisha udongo uliochanganywa na nyasi kavu na samadi, tukaukanyaga kwa miguu mitupu, kama wazee wetu walivyotengeneza sakafu kule Urusi. Sisi Wajerumani wa Urusi hatushindwi kwa sakafu. Ng'ombe wamepita juu yake maisha yao yote. Lakini ukame wa miaka hii umepasua kila kitu, na mbao nazo huoza.

Ukidondosha jiwe mle unaweza kusema "Baba yetu uliye mbinguni" kabla hujalisikia likitua.

Nilimwambia Reinhold kuna shimo uani. Alinifunika blanketi magotini. Akasema, Mama, baba alichimba kisima kimoja, na maji yake ndiyo hayo unayokunywa. Kisha nikamsikia jikoni akimuuliza Magdalena kama dawa zangu si kali kupita kiasi.

Jumatano, 28 Juni

Niliandike, maana sijawahi kulisema hata katika sala.

Sheria ilikuwa hivi: ukikaa miaka mitano, ukajenga, ukalima, shamba la serikali linakuwa lako. Siku ya kuthibitisha unakwenda ofisini na shahidi, mnaulizwa kuhusu nyumba, shamba na maji, mnaapa. Jakob na Gottfried walikuwa wamechimba kiangazi kizima wakakuta vumbi. Tulikunywa maji ya bwawa, tukiyachuja kwa kitambaa.

Jakob alikuwa mcha Mungu, uongo haupiti mdomoni mwake. Basi siku moja kabla, alikokota mapipa ya maji kutoka bwawani akayamwaga kisimani.

Mkalimani nilikuwa mimi, mwalimu, mwenye Kiingereza. Ofisa akauliza: kisima kinatoa maji? Nikamuuliza Jakob kwa lugha yetu. Akajibu, uso mgumu: "Maji yamo." Gottfried naye, shahidi: "Maji yamo." Kweli tupu. Yalikuwamo.

Nami nikamgeukia ofisa nikasema: ndiyo, kinatoa maji.

Basi. Wakanyoosha mikono wakaapa juu ya neno langu, wasijue nimesema nini. Maji yalikauka baada ya siku chache. Tukakifunika ili mtu asije akachungulia. Mwaka uliofuata Jakob akachimba tena, nyuma ya jiko, akapata maji matamu, na watu wakadhani ni kisima kilekile. Tukawaacha wadhani.

Ijumaa, 30 Juni

Wamefyeka ua. Wanapigilia vigingi vya bendera. Kila nyundo ikishuka nashika kifua.

Magdalena alileta chai, akakaa. Akauliza taratibu: hilo shimo, Mama, liko upande gani? Nikamtazama. Akasema kila majira ya baridi kuna mahali uani theluji haikai, na kuku hupenda kulala hapo. Amekuwa akijiuliza tangu aolewe.

Joto la kisima! Nikamuomba anionyeshe. Akaenda dirishani, akaelekeza mkono, akausogeza, akaurudisha. Sehemu ile ingetosha kujenga kanisa. Theluji ingetuambia. Lakini ni Juni.

Reinhold alitukuta tukiwa hivyo. Akatuuliza kama tumeambukizana wazimu. Hata hivyo alitoka na mtaimbo, nikamwona akigonga ardhi huku na huku. Yote imekauka kama sakafu ya tanuri. Alirudi akitokwa jasho, mkali, kama mtu aliyekwisha kuanza kuogopa.

Jumapili, 2 Julai

Baada ya ibada Gottfried akaja kunisalimu. Yeye ndiye atakayepanda gari la kwanza.

"Rosina, hujafa bado?" alisema mlangoni. "Nimeshanunua suti."

Nikamwambia aivae Jumanne, isije ikaliwa na nondo akinisubiri. Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo nikamuuliza mahali penyewe. Kicheko kikakatika. Akamtazama Magdalena, akasema, kisima gani? Magdalena alielewa. Akaenda kukata keki ya krimu.

Nilimshika mkono wa koti. Nikamwambia magari yatapita pale, na watoto.

"Niliapa, Rosina," alisema. "Nikisema leo kilikuwa kikavu, nakwenda mbele ya Mungu nikiwa mwongo."

"Ulisema nini siku ile?"

"Maji yamo."

"Mimi sikumwambia ofisa hivyo. Nilimwambia kinatoa maji. Uongo ni wangu, Gottfried. Wewe hukuusema."

Keki ikaletwa, chai yake ikapoa.

"Miaka yote hii," alisema, "sijakaribia Meza ya Bwana bila kukiogopa kiapo kile. Na wewe ulikuwa ukikaa benchi la mbele."

Akachukua kofia akaondoka. Hakuaga. Keki yake haikuguswa. Sijui kama nimemfungua au nimemuua.

Jumatatu, 3 Julai

Nimemwambia Reinhold yote. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa. Kisha akauliza kama maana yake shamba hili ni la wizi. Nikasema sijui, mwanangu. Nikasema shamba lingoje, kwanza shimo.

Alikwenda kwa Gottfried na lori. Mlango haukufunguliwa.

Nilimsihi aahirishe. Akasema watu wamekwisha kufika kutoka tarafa tano, wengine wamelala kanisani, atawaambia nini? Kwamba baba yake alimwaga maji ya bwawa? Atazungusha kamba eneo alilolionyesha Magdalena, na magari yatapita mbali nalo. Keshokutwa atachimba mwenyewe.

Kesho kwanza.

Jumanne, 4 Julai

Wamenikalisha dirishani, nimevaa kitambaa changu cheusi cha kichwani. Magdalena yuko nje, anawafukuza watoto kwenye kamba. Wanapita chini yake, wanarudi, wanacheka. Je, kamba iko mahali pake?

Bendi imeanza. Magari yanaingia. Mbele ni gari letu, Reinhold anatembea ameshika hatamu. Gottfried amekuja! Kiti cha mbele, suti mpya, uso mweupe kama unga.

Wanapita nje ya kamba. Mbali nayo, kama alivyoahidi.

Farasi amesimama. Mzee Blanka, hajawahi kukaidi. Ananusa nyasi, masikio nyuma. Reinhold anavuta. Hasogei. Watu wanacheka — mtu anapaza sauti kwamba hata farasi amechoshwa na hotuba za kamati.

Gottfried ameinama, amemshika Reinhold bega. Anasema kitu. Kifupi.

Reinhold anatazama chini. Sasa anatazama dirisha langu. Hacheki.

Gottfried amevua kofia. Ameitupa nyasini, mbele kidogo ya kwato, kama mtu anayeweka alama. Hapo! Ndiyo, kisima ni hapo, mlango wa nyumba ulikuwa pale, sasa naona! Watu wanapiga makofi. Wanadhani ni sehemu ya sherehe.

Watoto wanaikimbilia kofia.

Reinhold amepanua mikono, anapiga kelele. Naona mdomo wake. Sisikii neno, na hawasikii wao. Bendi haijanyamaza.