Mtungi Usio na Kaniki

Kaka Yona,

Jana, hapa Dodoma, mkuu wa kamati ya uchunguzi alitangaza kwamba ulikufa motoni kwa kosa lako mwenyewe. Alisema poda uliyoitafiti miaka yote, ya kuzima moto wa mafuta, iliganda ndani ya mtungi ikakataa kutoka. Kamati inapendekeza utafiti wako ufungwe.

Niliandika alichosema, neno kwa neno. Siamini.

Hukuwahi kubeba mtungi bila kuupindua na kuutegea sikio, usikie poda ikiteleza. Ulifanya hivyo hata nyumbani Mvumi, mama akakucheka: "Umezaa lini, Yona, mbona unabembeleza?" Kisha akachana kaniki yake, akakupa vipande uvifunge shingoni mwa mitungi uliyoijaza mwenyewe, isichanganyike na ya stoo.

Mtungi ambao kamati ilituonyesha jana hauna kaniki. Nikauliza. "Iliungua," akasema mkuu, akaangalia saa. Lakini mpira wa kupulizia, unaoanzia hapo hapo shingoni, ni mzima. Rangi haijababuka. Moto gani huo wa kuchagua?

Leo nimetoka Chemba, kwenye kinu cha alizeti ulikokwenda kufanya jaribio. Mwenye kinu, Mama Salma, anasema mashudu ya alizeti iliyokamuliwa yalishika moto kabla hujajiandaa. Ukakimbilia mitungi iliyoletwa na gari la taasisi yenu ya utafiti, ukainamisha mmoja, ukasikiliza.

"Akaniambia, 'Mama, huu si wangu.' Nikamwambia, 'Basi toka, baba!' Akasema, 'Fundi wako yumo ndani.' Akaingia nao."

Fundi alitoka. Wewe, kaka...

Kamati haikumhoji Mama Salma. Nami simwamini moja kwa moja. Kinu ni chake, na moto ulianzia kwake. Nilimrudisha nyuma, nikamwuliza upya kwa njia nyingine. Hakubadili neno. Akaniuliza tu kama mimi ni ndugu yako au polisi.

Ofisi yako imewekwa kufuli jipya. Msaidizi wako, aliyekuwa akishika funguo za stoo, hapokei simu zangu.

Sitaandika kwamba mtungi ulibadilishwa mpaka nijue nani aliubadilisha. Lakini sitaacha kuuliza, hilo nakuahidi. Lala salama, kaka.

Nimeiomba kamati mtungi ufunguliwe mbele yetu na poda ipimwe. Wamekubali shingo upande. Ni Alhamisi asubuhi.

Mdogo wako,
Neema