Nimejiita Mjane na Mume Wangu Yu Hai

Mama Kunegunda mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili siwezi kumwambia padre wangu wala wanangu, na nimekosa mtu mwingine wa kumwambia, ndiyo sababu nakuandikia wewe wa gazetini usiyenijua.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na mmoja, nakaa Lizaboni hapa Songea na mume wangu ambaye nitamwita Sixbert, fundi seremala, tumeoana miaka thelathini na minne, watoto wetu wawili mmoja yuko Mbeya na mwingine Dodoma, wana kazi zao na familia zao. Tangu Sixbert alipofunga karakana yake miaka sita iliyopita amejitoa kwenye kikundi cha utume cha parokia yetu, wanafanya kazi bila malipo, kila Ijumaa anaondoka kwenda Lusewa kuezeka nyumba za wazee wasio na watu na hurudi Jumatatu, na mara tatu sasa wamevuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji kujenga kanisa na kutengeneza madawati, huko hukaa miezi mitatu au minne. Ni kazi njema, sikatai, mwanzoni mimi mwenyewe nilikuwa namkaangia karanga za safari na kumkunjia shuka zake kwenye begi.

Lakini nyumba ilinyamaza, mama. Nilianza kuacha redio imewashwa kutwa ili kuwe na mtu anaongea. Akiwa Msumbiji simu yake huingia mara moja kwa wiki, akipanda kilima kutafuta mtandao, na akirudi nyumbani hunisimulia habari za wale aliowahudumia, hasa bibi mmoja wa Lusewa, anasema yule bibi hana hata mtu wa kumuuliza ameamkaje, nami nimesimama mbele yake na sahani ya ugali mkononi, najiuliza huyo bibi ananizidi nini.

Mwezi wa tatu mwaka huu, wiki moja baada ya yeye kuvuka tena, niliugua malaria siku tisa. Wanajumuiya wetu walikuja kumtembelea mgonjwa nyumba ya jirani, wakatuma mtu kwangu kuazima viti, nikatoka na khanga mabegani nikawapa, wakanishukuru, wakasema wewe una bahati, mume wako ni mtumishi wa Mungu. Hakuna aliyeniuliza mbona natetemeka.

Nilipopata nafuu nikapanda bodaboda mpaka parokia nyingine, upande wa pili wa mji, ambako hawanijui, nilikuwa nimesikia wanaandikisha wajane na wagonjwa wanaotaka kutembelewa. Nikajiandikisha kwa jina la baba yangu. Katibu akaniuliza mume yuko wapi, nikasema amefariki mwaka jana. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, mama, nakuapia, na baada ya kusema nililia kilio cha kweli kabisa, hata yule katibu akasimama kunifungia dirisha ili watu wa nje wasinione.

Alhamisi iliyofuata wakaja wawili, Leticia, mshonaji wa Mfaranyaki, umri wa binti yangu, na mama mtu mzima aitwaye Asumpta. Walileta sabuni na sukari ambavyo sikuvihitaji, lakini walikaa saa mbili nzima, Leticia akaniuliza nilifundisha darasa la ngapi, nikilala nalalaje, nikiamka nafanya nini, na kila alipouliza alisubiri nijibu. Walikuja kila Alhamisi kwa wiki kumi na moja. Majirani walidhani ni ndugu zangu. Leticia alikuwa anaangalia picha ya harusi yetu ukutani, ananiambia nimsimulie habari za marehemu, nami nilimsimulia alivyonijengea kabati kabla hajawa na hela ya mahari, alivyokuwa ananisubiri shuleni mvua ikinyesha, na yote hayo yalikuwa kweli isipokuwa kwamba amekufa. Mwishowe akasema kikundi chao kitamwombea misa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, akaniomba jina la marehemu la ubatizo. Nikampa.

Sixbert akarudi wiki moja kabla ya siku aliyosema. Ilikuwa Jumatano. Ningeweza kumpigia Leticia simu asije kesho yake, simu nilikuwa nayo mkononi, lakini sikupiga, na ukweli ni kwamba niliona uchungu kuikosa hiyo Alhamisi. Saa nne asubuhi wakaingia, wakamkuta kibarazani ananoa randa yake. Mimi nilikuwa mlangoni. Leticia akamwamkia, akamtazama vizuri, akasema, “Bila shaka wewe ni ndugu wa marehemu. Mmefanana mno na yule kwenye picha.”

Sixbert aliweka randa chini. Alinitazama, akatazama zile sabuni walizobeba, akanitazama tena. Kisha akamjibu yule binti taratibu, “Ndiyo, ni ndugu yake. Nawashukuru kwa kumwangalia mama huyu. Marehemu hakuwa mtu wa kukaa nyumbani.”

Akawakaribisha ndani, akawachemshia chai yeye mwenyewe, akakaa nasi mpaka walipoondoka. Baada ya hapo hajaligusa jambo hili. Ijumaa hakwenda Lusewa. Begi lake la safari bado liko kwenye kochi, halijafunguliwa. Nikimuuliza utakula anasema nitakula, nikimuuliza unaumwa anasema siumwi, na siku ya leo ni ya sita. Kikundi chao kinamtaka arudi Msumbiji mwezi wa kumi na moja kwa miezi sita, sijui kama ataenda, sijui kama amenikasirikia au ananionea huruma, na misa ya kumwombea marehemu imebakiza siku kumi na mbili. Nifanye nini?

Ni mimi, Oliva (jina si langu), Lizaboni.

MAMA KUNEGUNDA ANAJIBU

Mwalimu, nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sasa nitakuhukumu kidogo, kisha tusaidiane.

Umekosa. Umewadanganya wanawake wawili waliokuja kwako na moyo mweupe, na umekaribia kuwapandisha watu altareni kumwombea mtu anayenoa randa kibarazani. Miaka yote ya kazi ulisimama mbele ya watoto ukiwafundisha kusema kweli. Hilo unalijua, sitalirudia.

Lakini upweke wako haukuwa uongo. Mtu anaweza kuwa na mume anayesifiwa parokia nzima na bado akaugua siku tisa bila wa kumpa maji. Kosa lako la kwanza halikuwa pale kwa katibu, lilikuwa miaka mingi kabla, uliposimama na sahani mkononi ukanyamaza. Ulimsubiri Sixbert ajue mwenyewe. Hakujua. Wanaume wengi wema hawajui, kwa sababu nyumbani hakuna anayewaandikia orodha ya wenye shida.

Sasa fanya hivi. Kesho, usisubiri Alhamisi, nenda Mfaranyaki nyumbani kwa Leticia. Usimpigie simu. Mwambie, “Mume wangu ndiye aliyekuchemshia chai, nilidanganya, naomba msifanye misa.” Atakasirika, na ana haki. Usijitetee wala usimlilie ili akubembeleze. Mwambie tu kwamba zile Alhamisi zilikuwa za kweli kwako, kisha uondoke umwachie muda wake. Akirudi siku moja, mpokee. Asiporudi, usimtafute umsumbue. Kisha nenda kwa katibu ufute jina, sabuni na sukari zikamfikie mjane wa kweli.

Kuhusu Sixbert, unauliza kama amekasirika. Mtu mwenye hasira tupu angekuumbua palepale mbele ya wageni. Yeye alikusitiri, na katika maneno yale machache aliyowaambia alikiri kosa lake kuliko alivyowahi kukiri mbele yako. Siku sita hizi anasubiri uanze, na wewe unamuuliza kama atakula! Msiendelee hivyo. Kuhusu Msumbiji, usimkataze na usimruhusu kabla hamjaongea. Akitaka kwenda, aseme nani atakuwa anakuja kwako akiwa hayupo, na kama nguvu zako zinatosha, muulize kwa nini hajawahi kukwambia mwende wote. Huko wanakotengeneza madawati hakukosekani kazi ya mwalimu.

Barua yako ni nzuri, ila umeituma kwa mtu asiye sahihi. Mwenyewe yuko hapo nyumbani kwako. Leo jioni zima redio, mwite akae, umsomee gazeti hili kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza, pamoja na mahali unapoona aibu. Ukimaliza, usiongeze neno. Mwache ajibu.