Viti Viwili Pale Kwenye Kona

Karakana ya Mawe,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 9 Juni.
Mwaka wa sita sasa tangu nifunge mizigo.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Watoto hawajambo? Goti lako linasemaje siku hizi, na Shemeji kifua chake? Hilo la Shemeji unijibu kwa kirefu, sababu utaiona mbele. Mimi sijambo, na safari hii si sijambo ya kwenye barua tu. Naandika mbio kwa furaha, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Unajua shule mimi niliishia mlangoni.

Dada, nimepanda ngazi za chumbani kwetu bila kukaa chini katikati! Na ndoo ya maji mkononi! Wenzangu walitoka kutazama kama vile nyumba inaungua.

Hali yangu unaijua. Daktari alishaniambia mapafu yameharibika kwa vumbi la mawe, hayatakuwa mapya tena, ila yanatunzwa. Akanipa ile pampu ya dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaita mgonjwa mwingine. Nimeitumia mwaka mzima nisione kitu. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba kule kwetu kilimani sitafika tena, mtanizika huku huku. Barua ile ichome.

Sasa sikia. Hospitali imeleta nesi wa kufundisha mazoezi watu wa kifua. Akaniambia, "Hebu vuta nikuone." Nikabonyeza. "Rudia." Nikarudia. Akaanza kucheka, akajiziba mdomo. "Baba, dawa umeiita mwenyewe, mbona unaifungia mlango?"

Ni kweli tupu! Sisi wa msumeno wa mawe, cha kwanza kufundishwa ni kubana pumzi vumbi linapotimka. Ukishazoea, koo linajifunga lenyewe likisikia tu "fsss". Dawa yote ilikuwa inaishia mdomoni. Mwaka mzima nimetibu ulimi!

Akanianzisha upya kama mtoto wa chekechea: toa pumzi kwanza, bonyeza huku unavuta polepole, halafu ndiyo ubane. Na nikipanda, nitoe pumzi taratibu kama anayepoza chai, tena nipumzike kabla sijachoka.

Ila darasa ni Jumatano asubuhi, siku ya kazi, na nesi ni huyo mmoja kwa mji mzima. Tukamwendea msimamizi, mimi na Kifaru, jirani yangu wa kitanda, ambaye naye anakohoa mpaka kuta zinasikia.

Msimamizi akasema, "Mnataka ruhusa mkafundishwe kupumua? Hata mtoto mchanga anajua kupumua!"

Kifaru akamjibu, "Mtoto mchanga hajakata mawe, bosi."

Alicheka, na ruhusa tukapata. Misumeno sasa inamwagiwa maji, na mimi nimehamishiwa getini, vumbi halinifikii. Barakoa bado tunagombania, na wagonjwa wengi bado wanagawiwa pampu kama pipi, bila wa kuwaonyesha. Hatujanyamaza.

Sasa lililonikalisha kuandika. Nani alinifundisha kubana pumzi? Shemeji! Siku yangu ya kwanza hapa, yeye akiwa bado anakata mawe nasi, alinipiga kofi la kisogo: "Bana, we! Au hujapata chai, unakula vumbi?" Na wewe umeniandikia kwamba pampu yake ameitupa kabatini, anasema ni upepo mtupu, na siku hizi hata uani hatoki. Dada, itoe hiyo pampu! Mpeleke zahanati, wamwangalie anavyovuta, na kama imeisha muda apewe nyingine. Wakikuambia hakuna wa kumwonyesha, kaa pale pale kwenye benchi. Kwa kukaa nakujua, watakuja wenyewe.

Nisalimie Mama Mdogo, mapacha, na fundi cherehani wa jirani, umwambie suruali aliyonishonea bado inanishika kiunoni. Mungu awape nyote kifua chepesi na usingizi mzito.

Likizo yangu imekubaliwa. Nashuka hapo Jumamosi ya kwanza ya Agosti, basi la asubuhi. Msitume mtu wa kunibeba. Niwekee tu kiti pale kwenye kona, nusu ya mlima, maana nesi anasema kupumzika si kushindwa.

Weka viwili. Cha pili ni cha Shemeji, ashuke mwenyewe kunipokea.

Mdogo wako anayekuja kwa miguu yake,
Kibiriti