Siku Sireni Haikulia

Mujukuu wangu Furaha,

Barua yako imetukuta wazima. Babu yako kikohozi kimemwacha, na ndakala, wale samaki wetu wadogo, zimeanza kupatikana tena sokoni. Pole kwa kukosa usingizi. Unaniuliza utajuaje kama mutoto wako ana njaa ao analia tu.

Mwaka ule wa uhuru, baba yako alikuwa kichanga. Sisi wamama tulifundishwa kunyonyesha kwa saa. Mimi sikuwa na saa, basi nilifuata sireni ya atelie, kule babu yako alikotengeneza treni. Ikilia, ninanyonyesha.

Siku moja treni hazikutembea na sireni haikulia. Mutoto alifyonza ngumi yake, akageuza kichwa kifuani kwangu, mwisho akalia sana. Nilimubembeleza nikingojea sireni, mpaka na mimi nikalia.

Jirani yangu Mama Asumani akaingia na kapu lake la samaki. "Unangojea nini?"

"Sireni."

Akaketi karibu yangu. "Sireni njo ya kuita wanaume kazini. Huyu naye wamemwandika kazi gani?"

Nikamunyonyesha. Mutoto akanyamaza, amenishika kidole. Kumbe ile ngumi kinywani ilikuwa inaniambia tangu mapema, na mimi masikio yangu yalikuwa kwenye treni.

Mutazame tu mutoto wako, mama. Kuna siku utakosea. Baba yako hakuninunia. Sasa ana mvi, na akifika kwangu anaanza kula mbele ya kuvua viatu.

Ni mimi Bibi yako,
Hapa Kalemie