Gesi Iliyokuwa Ndani ya Gari

Jumatatu, 3 Februari

AC imekufa. Inapuliza hewa kama ya mdomo wa jiko. Nilikuwa narudi na Mama kutoka kliniki Meru, na tulipoanza kuteremka kuja Isiolo akanyamaza kabisa. Tangu apate kiharusi mwaka juzi, joto linammaliza. Nilisimama kando ya barabara nikammwagia maji shingoni.

Nimempigia ndugu yangu mdogo, Luke. Ndiye aliijaza gesi Novemba, na ilikuwa inapoza sana! Yuko Rapsu anarekebisha pampu ya maji ya wakulima. Anasema nimngoje mpaka Alhamisi, nisipeleke gari kwa fundi mwingine. Kwa nini? Gari ni kuukuu, litangoja. Mama hawezi.

Jumanne, 4 Februari

Niandike pole pole.

Nilienda kwa Abdinajib, fundi wa AC hapa Wabera. Mtu mpole, hana maneno mengi. Amefunga geji ya kupima gesi kwa mabomba, akatazama, akakunja uso. Akafungulia gesi kidogo tu, akanusa – akaruka nyuma!

"Madam, shuka! Toa ufunguo!"

Akamkimbilia jirani yake aliyekuwa anachomelea geti. Zima hiyo kitu! Zima! Wakasukuma gari langu mpaka uwanjani. Nikadhani amerukwa na akili.

Akaniuliza kama sijawahi kusikia harufu ndani. Nimeisikia! Wiki mbili sasa, kama vitunguu vimeoza. Nilidhani ni mboga za sokoni.

Ni gesi ya kupikia. Ile ya mtungi wa jikoni, imejazwa kwenye AC! Anasema inapoza, tena vizuri. Lakini bomba likivuja, inaingia pale mmekaa. Cheche moja tu.

Na Mama alikuwa kiti cha nyuma.

Jumatano, 5 Februari

Nimempigia Luke. Anasema gesi ya AC ilikuwa imeisha mjini, watu walikuwa wanamsumbua, na gesi ni gesi.

Gesi ni gesi!

Watu, amesema. Watu gani? Ofisini, kwa mawazo hayo, nimejaza fomu moja mara tatu.

Alhamisi, 6 Februari

Luke amekuja. Amekaa jikoni, kofia mkononi. Nimemuuliza ni magari mangapi.

Saba.

Akayataja, nikaandika nyuma ya bahasha. Langu. Pikapu ya Erot, muuza makaa. La Mwalimu Lomuria, jirani yetu. Mengine matatu. Akaishia hapo. Nikamwambia taja la mwisho.

"Ya Dullo."

Kalamu ikaanguka. Dullo, mfanyabiashara wa mbuzi! Gari lake liliwaka Desemba karibu na Ngaremara. Mji mzima ulisema ni waya. Alitoka akiwa hai, lakini mikono yote miwili imeungua, vidole havikunjiki. Na Luke alikuwa anampelekea matunda hospitalini! Kila Ijumaa!

Anasema hana hakika. Labda ilikuwa waya kweli. Analia, mtu wa miaka thelathini na mbili. Warigia mkewe anajifungua mwezi huu. "Dada, ngoja mtoto aje kwanza. Tafadhali."

Nikasema sawa. Mimi! Nimesema sawa.

Jumamosi, 8 Februari

Abdinajib amemaliza. Mpira kwenye kiungo cha bomba ulikuwa umepasuka. Ameubadilisha, akavuta hewa yote kwa pampu karibu saa nzima, ndipo akajaza gesi inayofaa, akiipima kwa mizani. Baridi imetoka nikashtuka.

Akaniuliza kama huyo fundi ameshika magari mengine.

"Sijui," nimesema.

Amenitazama kidogo. Akasema nikijua nimwambie, hizo gesi atazitoa bure.

Nimerudi nyumbani kwa baridi safi na sikuiona raha yake.

Jumapili, 9 Februari

Tukitoka kanisani nimeona gari la Mwalimu Lomuria. Watoto wake wanne ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu AC inafanya kazi. Wamenipungia mkono wakiniita. Anti Karambu!

Nyumbani sikuvua hata viatu. Nimempigia Luke nikamwambia aje sasa hivi, au naenda peke yangu. Mama alisikia yote. Akasema kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, "Ni ndugu yako." Nikamwambia najua, Mama.

Kabla ya jua kuzama tumefika nyumba tano. Luke ndiye alisema kila mahali, mimi nikasimama karibu. Erot alitutukana vizuri sana, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Lomuria hakutukana. Aliketi tu chini, pale mlangoni, akaita watoto wake waje karibu. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Abdinajib ana magari matano uwanjani. Hajaniuliza kuhusu ile "sijui" yangu.

Amebaki Dullo.

Jumatatu, 10 Februari

Saa tano asubuhi. Naandika ndani ya gari, nje kwa Dullo. Luke ameomba aingie peke yake.

Dullo alifurahi kumwona! Alimkumbatia kwa viwiko, mikono ameiinua pembeni, akamwita mkewe Ubah alete chai. Dakika ishirini sasa. Nasikia sauti ya Luke. Ya Dullo, hapana.

Baadaye kidogo. Ubah ametoka. Alikuwa na chai mlangoni, amesikia kila kitu. Amekuja moja kwa moja kwa dirisha langu. Nimeshusha kioo. Hakuna salamu. Ameuliza jambo moja tu – mimi nimejua lini.

"Alhamisi."

Amehesabu kwa vidole. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Akasema kila asubuhi ya siku hizo amemfunga Dullo vifungo vya shati, na Dullo akamwambia amshukuru Mungu, kwani waya ni waya, hakuna mtu wa kulaumiwa.

Kisha amenifungulia mlango wa gari. Ameuacha wazi, amerudi ndani. Hakugeuka kuangalia kama nafuata.

Mguu mmoja nimeutoa nje, umegusa mchanga. Nafunga daftari, naingia.