Picha ya Arobaini

Lom, 14 Novemba

Mdogo wangu Nevyana,

Pokea salamu zangu, na pole na hongera ya uzazi. Nilifurahi kusikia daktari amekuruhusu kuinuka kitandani baada ya miezi yote ile, na kwamba binti ananyonya bila kubembelezwa. Shemeji asimfunike sana. Hispania hakuna baridi ya kwetu Lom. Mimi sijambo kidogo. Habari za mama nitakupa, lakini niache nianze na za dukani, maana zote ni habari moja.

Unaijua kompyuta yetu ya kuchapia matangazo ya vifo. Ilizeeka mpaka ukibonyeza herufi unakwenda kunywa kahawa ndipo itokee. Mwezi huu ikagoma kabisa. Rumen fundi akasema haina dawa ila kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Picha za marehemu wa mji mzima tukazihamishia kwenye diski ya nje, tukaanza. Ikafika asilimia sitini na nne, ikaganda.

Nami nilikuwa na tangazo la arobaini la kubandikwa milangoni kabla ya Jumamosi, siku ya kwenda makaburini na ngano na divai. Mlango usio na tangazo, watu husema marehemu kasahauliwa na wa kwake. Rumen alinionya nisizime, nikizima katikati nitaanza upya kwa kilio. Nyanya Minka, aliyekuja kuchukua tangazo la mwaka mmoja tangu mumewe afariki, aliitazama ile namba isiyosogea akasema Lom tumeendelea, sasa hata wafu wanapanga foleni. Watu wakacheka. Aliponiona uso, akanishika mkono.

Kesho yake Rumen akasema huenda mashine inababaishwa na vitu vilivyochomekwa, tuvitoe vyote, tuizime, tuanze tena. Printa nikaichomoa. Diski nikakataa. Taa yake ilikuwa inapepesa, nami niliogopa nikiivuta picha zitapotea, na ile niliyoitaka haikuwepo kwingine. Rumen akaniambia kwa upole, "Dada Zlatina, kuing'ang'ania hakutakurudishia kitu." Nikalia mbele ya wateja. Kisha nikachomoa. Safari hii namba ilisogea mpaka mwisho, na picha ilikuwa salama.

Sasa mpe shemeji mtoto, uketi. Picha hiyo ni ya mama. Mama yetu amefariki, Nevyana. Alianguka jikoni akichoma pilipili za kuhifadhi kwa majira ya baridi, na kesho yake hospitalini moyo ukasimama. Kabla ya hapo aliniapisha nisikuambie mpaka ujifungue na uinuke kitandani. Alisema, "Huyo atapanda basi leo leo, na tumbo lake lile. Utatuzika wawili."

Ndiyo maana kila ulipopiga simu nilikuambia amelala. Siku uliponiambia mtoto umempa jina lake, Tsonka, ukauliza mama amesemaje, nilikujibu amefurahi sana, kisha nikakata simu nikidai kuna mteja. Unisamehe hilo kuliko mengine yote. Moyo wangu umevunjika mara mbili, kwa kumpoteza yeye na kwa kukudanganya wewe.

Picha ni ile ya harusi yako, wewe na yeye mkicheka. Ilibidi nikukate, maana aliye hai hawekwi kwenye tangazo la kifo, lakini mkono wako ulibaki begani kwake. Ningeweza kuufuta kwa kubonyeza mara moja. Sikuufuta. Sasa upo mlangoni kwetu, kwenye kituo cha basi na ukutani kanisani. Jumamosi Nyanya Minka aliniuliza ni mkono wa nani. Nikamwambia ni wa Nevyana, amekuja kwenye arobaini ya mama yake.

Kamen, dereva wa basi la kwenda Hispania, atakupa barua hii mkononi, na tangazo moja, na chupa ya pilipili alizowahi kufunga mama. Msalimu shemeji. Mbusu Tsonka kwa niaba yetu sote wawili, mimi na bibi yake.

Dada yako akupendaye,
Zlatina